Fimbo, Ndoo na Kipimajoto: Shajara ya Mradi wa Wanachuo wa Ualimu, Mbeya

20 Januari 2025

Mradi umeanza leo kwa wanachuo 24 wa mwaka wa kwanza wanaojiandaa kuwa walimu wa shule za msingi, katika chuo chetu kilichoko pembezoni mwa Jiji la Mbeya. Wiki iliyopita nilitangaza kwamba nafasi iko wazi kwa yeyote anayeona kuwa Hisabati au Sayansi ni somo ambalo angelikwepa kama angepewa hiari, na nikaahidi kwamba orodha ya waliojiandikisha haitapelekwa popote wala haitagusa alama zao. Nilidhani watakuja kumi hivi. Wamekuja 24, na 17 kati yao ni wanawake.

Kila mmoja aliandika, kwenye karatasi isiyo na jina, ni lini alipoanza kuliogopa somo hilo. Nilitegemea kusoma mada, lakini wengi wameandika siku. Mmoja anaikumbuka siku ya darasa la tano aliposimamishwa ubaoni akigawanya hadi kengele ikalia, darasa zima likimtazama. Mwingine anautaja mwezi wa kwanza wa kidato cha kwanza, pale somo lilipogeuka kuwa la Kiingereza na maneno yote aliyoyazoea, asili na kiasi, kigawo na kigawe, yakawa hayatumiki tena. Miaka minne baadaye alikuwa anayajua kwa Kiingereza yasiyomwelea na ameyasahau kwa Kiswahili yaliyokuwa yanamwelea. Huyu sasa atarudi darasani kufundisha kwa Kiswahili, na hilo peke yake ni kazi ambayo sikuwa nimeipangia muda wa kutosha.

Nimeamua kuanza mapema kwa sababu woga wa mwalimu hauishii kwake. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti uliowafuatilia walimu 17 wa kike wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani kwa mwaka mzima wa masomo. Waliona kwamba kadiri mwalimu alivyokuwa na wasiwasi mkubwa wa Hisabati, ndivyo wasichana wa darasa lake walivyoelekea kuamini mwishoni mwa mwaka kwamba Hisabati ni ya wavulana, na walioamini hivyo ndio walioshuka; kwa wavulana hali hiyo haikuonekana. Mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu hana pa kulikwepea somo. Akifika kwenye shule ya kijijini yenye walimu wachache, hupangiwa vipindi kwa kufuata upungufu uliopo, na mwalimu mkuu hatamuuliza alikuwa anapenda nini chuoni.

29 Januari

Nimekosea mwanzo na ninaandika hapa ili nisirudie. Juma lililopita niliwapa mtihani wa maswali 20 ya kiwango cha darasa la saba ili nijue pa kuanzia, kisha nikarudisha karatasi zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, nikafuatisha maneno mengi ya kuwatia moyo kwamba wanaweza. Wanachuo wawili hawakurudi kipindi kilichofuata. Mmoja wao nilipomfuata bwenini kupitia kwa matroni, alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, nilijiandikisha nisaidiwe, sikujiandikisha nithibitishiwe."

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeeleza mwaka 1977 jinsi mtu anavyopata imani kwamba analiweza jambo, alitaja vyanzo vinne: kulifanya jambo lenyewe na kufaulu, kumwona mwenzako aliye kama wewe akilifaulu, kuambiwa na wengine kwamba unaweza, na hali ya mwili wako wakati ukilifanya. Kile cha kwanza ndicho alichokiona kuwa na nguvu kuliko vyote. Mimi nilianza na cha tatu, tena baada ya kuharibu cha kwanza kwa mtihani. Wote wawili wamekubali kurudi kwa sharti kwamba hakutakuwa na alama yoyote katika vipindi vya mradi hadi Juni, nami nimelikubali sharti hilo kwa kundi zima.

10 Februari

Leo tumetumia saa mbili na nusu kwa swali moja, nami sijutii hata dakika moja.

Swali lilikuwa moja na robo tatu gawanya kwa nusu. Karibu wote walipata jibu, tatu na nusu, kwa kanuni waliyokaririshwa: igeuze sehemu ya pili, kisha zidisha. Nikawaomba watunge hadithi ya sokoni ambayo jibu lake linapatikana kwa hesabu hiyo. Hapo ukimya ulitanda. Hadithi kumi na mbili za mwanzo zilikuwa za kugawana: mama ana debe moja na robo tatu la mahindi, anawagawia watoto wawili sawasawa. Hiyo ni kugawanya kwa mbili, na jibu lake halifiki hata debe moja. Niliposoma hadithi hizo kwa sauti na kuuliza kila mtoto atapata kiasi gani, wenyewe waligundua kwamba jibu haliwezi kuwa tatu na nusu, kwa sababu mama hakuwa na madebe matatu.

Niliwaeleza kwamba hawako peke yao. Mtafiti Liping Ma, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1999, aliwauliza swali hilihili walimu wa shule za msingi wa China na wa Marekani. Walimu 72 wa China wote walilikokotoa sawasawa. Kati ya walimu 23 wa Marekani ni tisa tu waliofika kwenye jibu sahihi, na wengi wao, hata baadhi ya waliolipata, walipotakiwa kutunga hadithi walitunga ya kugawanya kwa mbili au ya kuzidisha kwa nusu. Hao walikuwa walimu walioajiriwa na wenye madarasa. Niliona mabega ya wanachuo yakishuka niliposema hivyo, na nadhani taarifa hiyo moja ilifanya kazi kuliko hotuba yangu yote ya Januari.

Kisha tukaenda ghala la jikoni. Mpishi mkuu alitukubalia kutumia mahindi, ndoo ya lita 20 na ndoo ya lita 10. Tukapima ndoo kubwa moja na robo tatu ya nyingine, tukamwaga kwenye turubai, na kazi ikawa kuhesabu ni mara ngapi ndoo ndogo, ambayo ni nusu ya kubwa, itajaa. Ilijaa mara tatu. Kilichobaki kwenye turubai kilikuwa robo ya ndoo kubwa, na hapo ndipo ubishi uliponoga, kwa sababu wanachuo tisa walishikilia kwamba jibu basi ni tatu na robo na kwamba kanuni ya darasani imetudanganya.

Sikuwajibu. Nilimwomba mmoja wao ayamimine mahindi yale yaliyobaki ndani ya ndoo ndogo. Yalifika katikati. Mwanachuo mmoja kutoka Makete, ambaye tangu Januari nilikuwa sijaisikia sauti yake, alisema taratibu: "Ni robo ya ndoo ile, lakini ni nusu ya ndoo hii. Sisi tunahesabu kwa ndoo hii." Wenzake walimtaka arudie. Akarudia mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi kuliko ya kwanza, na mara ya tatu aliongeza la kwake ambalo mimi sikuwa nimelifikia: kwamba ndiyo maana tunageuza na kuzidisha kwa mbili, kwa kuwa katika kila ndoo kubwa moja mna ndoo ndogo mbili, hivyo idadi yoyote ya ndoo kubwa huzidishwa mara mbili tukiipima kwa ndogo. Mwingine akathibitisha kwa lita, 35 gawanya kwa 10.

Nimeandika kwenye andalio langu la mwakani: swali hili lisipewe muda chini ya saa mbili.

26 Februari

Mbeya iko karibu nyuzi tisa kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Tumesimamisha fimbo ya mita moja kwenye uwanja wa mpira, tukaisimika wima kwa timazi ya fundi ujenzi, na kazi ya wanachuo ilikuwa kuweka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano kuanzia saa tano na nusu. Msimu ni wa mvua na mawingu yalituzuia juzi na jana, leo yalifunguka.

Kabla ya kuanza, wote waliandika kwamba kivuli kitakuwa kifupi kuliko vyote saa sita kamili. Saa sita ilipofika kivuli kilikuwa bado kinaonekana vizuri, kinazidi kufupika. Baadhi walianza kuichunguza fimbo kama imeinama. Wengine waliacha kuweka alama, kwa maelezo kwamba zoezi limeharibika. Kundi moja, na hili limenisikitisha, lilifuta alama zake na kuziandika upya ili kivuli kifupi kiangukie saa sita. Nilipowauliza sababu, walinijibu kwa unyoofu kwamba walidhani hilo ndilo jibu ninalolitaka.

Kivuli kilijificha chini ya fimbo ilipofika saa saba kamili.

Tumeeleza sehemu ya jambo hilo kwa hesabu. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haugusi ardhi ya Tanzania, nasi Mbeya tuko karibu nyuzi 33 na nusu. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika nne. Tofauti ya nyuzi 11 na nusu ni dakika 46. Kwa hesabu hiyo kivuli kilipaswa kuwa kifupi saa saba kasoro dakika 14, na bado zinasalia takriban dakika 14 zisizoelezeka kwa longitudo. Dakika hizo nimewaachia bila jibu, kwa kuwa waliostahili kuulizwa wameanza kuulizana wenyewe.

12 Machi

Kipindi cha leo ndicho ninachotamani kila mkufunzi angekiona.

Makundi sita, kila moja na jiko dogo la mkaa, sufuria ya maji na kipimajoto kimoja cha maabara. Kazi ilikuwa nyepesi kwa makusudi: pasheni maji, andikeni joto kila dakika moja hadi maji yachemke, endeleeni kwa dakika tano zaidi. Nilijua kitakachotokea kwa sababu mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, lakini sikusema neno.

Maji yalichemka kwa povu na mvuke, na vipimajoto vikasimama kwenye 94. Kimoja kilisoma 95.

Mwanachuo wa kwanza alikuja mezani kwangu na kipimajoto mkononi. "Mwalimu, samahani, hiki cha kwetu ni kibovu."

"Umejuaje?"

"Hakifiki mia."

Wa pili akaja na maelezo hayohayo. Kundi la tatu lilikuwa limeongeza mkaa na kupepea kwa nguvu, likitaraji zile nyuzi sita zitapatikana kwa moto mkali. Nilipopita nyuma yao kuangalia madaftari, makundi matatu yalikuwa yameandika 100. Walikuwa wameiona 94 kwa macho yao, kwa dakika tano nzima, kisha wakaandika namba ya kitabuni.

Hapo nilisimamisha kazi, nikakaa nao kwenye mabenchi. Nilisema kwamba sitamlaumu yeyote, kwa sababu nimewahi kufanya hivyohivyo nilipokuwa mwanafunzi, lakini ningependa tujue nani anasema kweli kati ya kitabu na kipimajoto, na kwamba si lazima mmoja wao awe mwongo. Kazi ya kwanza ilikuwa kukijaribu kipimajoto chenyewe. Mmoja alikumbuka kwamba barafu inayoyeyuka iko kwenye nyuzi sifuri. Tukatuma mtu dukani alete barafu za mfuko, tukaziponda, tukavitumbukiza vipimajoto vyote sita. Vitano vilisoma sifuri. Kile kilichosoma 95 kilisoma moja. Kwa hiyo kile kimoja kilikuwa kimezidisha uzi mmoja kote kuwili, na vyote sita kwa pamoja vilikuwa vinasema 94.

Furaha iliyotokea hapo sijawahi kuiona katika somo la Sayansi. Walikuwa wamethibitisha, kwa njia waliyoibuni wenyewe, kwamba macho yao hayakukosea.

Baada ya hapo swali la kwa nini liliulizwa kwa hamu. Kijana mmoja anayetoka Kyela alisema kwamba tangu aje chuoni amekuwa akishangaa jinsi maharage ya huku yanavyochelewa kuiva, na kwamba alidhani ni aina ya maharage. Nikaeleza kwamba maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Mlimani hewa ni pungufu, mgandamizo ni mdogo, maji huwahi kuchemka yakiwa hayajafikia joto la pwani, na maharage hupikwa na joto, hayapikwi na povu. Kitabu kinaposema 100 kinazungumzia usawa wa bahari. Kitabu ni cha kweli, nasi tulikuwa wakweli hadi pale tulipofuta namba yetu.

Nimelala nikilifikiria jambo hilo. Kwa miezi hii nilidhani ninashughulikia woga wa Hisabati na woga wa Sayansi, lakini kuanzia alama zilizofutwa uwanjani hadi namba 100 kwenye madaftari, ninaona kitu kimoja. Mwanachuo mwenye woga amezoezwa kwa miaka mingi kwamba kati yake na kitabu, aliyekosea ni yeye. Atakuwaje na ujasiri mbele ya watoto 70 mtu ambaye haamini alichokisoma kwenye kipimajoto akiwa amekishika?

21 Machi

Mvua kubwa, umeme umekatika tangu asubuhi, nusu ya kundi haikuja. Waliokuja tumeanza daftari la istilahi za Hisabati kwa Kiswahili, kila neno likiwa na mchoro wake: sehemu guni, sehemu mchanganyiko, namba tasa, witiri, shufwa, mzingo, eneo, kipenyo. Kigawo na kigawe vimetuchukua muda, hadi mmoja aliposema kwamba kigawo ndicho kinachogawa na kigawe ndicho kinachogawiwa, nasi tukaandika hivyo.

28 Aprili

Wanachuo walipokwenda nyumbani kwa Pasaka niliwaruhusu wawili kuondoka na kipimajoto kila mmoja, vikiwa vimefungwa kwa kitambaa ndani ya kipande cha mwanzi: yule kijana wa Kyela, na yule dada wa Makete wa ndoo ya mahindi. Nilikuwa na hofu ya kuvunjika, na nilijibu maswali machache ofisini kuhusu vifaa vya maabara kutoka nje ya chuo. Vimerudi vizima.

Kyela iko kwenye uwanda wa Ziwa Nyasa, takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kijana wetu amepima mara tatu jikoni kwa mama yake na kupata 98 mara zote. Nyumbani kwa dada wa Makete, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200, maji yamechemka kati ya 92 na 93, na ameandika kwamba bibi yake alimwambia, "Mjukuu wangu, mimi nilijua tangu zamani kwamba maji ya huku yanachemka kwa haraka ila hayapiki."

Leo tumechora grafu kwenye karatasi ya miraba: mwinuko chini, joto la kuchemka ubavuni, nukta tatu za Kyela, Mbeya na Makete. Rula iliwekwa, nukta zikakaa karibu kabisa kwenye mstari mmoja, unaoshuka uzi mmoja kwa kila mita 300 hivi. Nikawauliza mstari huo ukirudishwa nyuma hadi mwinuko wa sifuri, yaani baharini, utakata wapi. Waliurefusha kwa penseli. Ukakata kwenye 100, kasoro kidogo sana isiyoweza kusomwa vizuri kwenye karatasi ile.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Namba ileile waliyokuwa wameinakili Machi kwa hofu, leo waliipata wenyewe kutoka jikoni kwa mama na kwa bibi. Wanachuo kadhaa waliokuwa wameandika katika karatasi za Januari kwamba grafu ndiyo mada waliyoishindwa kabisa waliomba wachore tena nyumbani, kila mmoja na yake.

15 Mei

Wanachuo wako shuleni kwa mafunzo ya kufundisha kwa vitendo tangu juma lililopita, nami ninawatembelea. Leo nilikaa nyuma ya darasa la tano, shule ya msingi iliyoko bondeni, kumtazama mwanachuo mmoja akifundisha kuhusu hali ya hewa. Baridi ya Mei imeanza na watoto wengi walikuwa wamevaa masweta. Kipindi kilikwenda vizuri hadi mvulana mmoja wa dawati la mbele aliponyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini mwezi wa sita huwa na baridi kali?"

Mwanachuo akajibu bila kusita kwamba ni kwa sababu mwezi huo dunia inakuwa mbali na jua.

Nilipozungumza naye baada ya kipindi nilikuwa na kazi ngumu, kwa kuwa jibu hilo ni kosa linalofanana sana na ukweli, na kwa mtu wa huku halipingwi na chochote anachokiona. Dunia kweli huwa mbali zaidi na jua mwanzoni mwa Julai, kama kilomita milioni 152, na karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, kama milioni 147. Sisi Julai tunatetemeka na Januari tuna joto. Kila kitu kinalingana. Mtoto wa Ulaya angelikataa jibu hilo papo hapo, kwa sababu kwao theluji huanguka Januari, dunia ikiwa karibu na jua kuliko wakati mwingine wowote. Nilimuuliza tu: "Januari, huko Ulaya hali ikoje?" Alinyamaza, kisha akashika kichwa. "Ina maana nimewadanganya watoto."

Nilimwambia kwamba hakudanganya, amekosea, na kwamba ana kipindi kingine darasani humo Alhamisi. Tulikumbushana fimbo ya Februari.

22 Mei

Nimerudi katika shule ileile. Mwanachuo aliingia darasani, akasubiri salamu ziishe, akasema kwa sauti iliyotulia: "Wiki iliyopita mwenzenu aliniuliza swali zuri, nami nilimpa jibu lisilo sahihi. Leo tutalitafuta lililo sahihi pamoja." Nilitazama watoto kama watacheka. Hakuna aliyecheka, mvulana yule wa dawati la mbele alikaa wima kama aliyepewa cheo.

Aliwatoa nje. Fimbo ya mita moja ilikuwa tayari imesimikwa. Aliwaambia kwamba mwishoni mwa Februari fimbo kama hiyo haikuwa na kivuli kabisa jua lilipokuwa juu kuliko kawaida, akawaacha waweke alama wenyewe. Kivuli kifupi kuliko vyote kilikuwa sentimita 56, kikielekea kusini. Kwa kutumia chungwa lililochomwa kijiti na tochi, aliwaonyesha kwamba mhimili wa dunia umeinama, kwamba miezi hii upande wa kaskazini ndio ulioelekezwa kwenye jua, na kwamba kwetu mwanga unakuja kwa mshazari, unatawanyika kwenye eneo kubwa zaidi la ardhi na kuipasha kidogo zaidi. Alitaja pia urefu wa mchana na mwinuko wetu. Msichana mmoja alikuwa amepima kivuli kwa rula yake na kupata 57, akauliza kama amekosea. Mwanachuo alimwambia, "Andika 57. Kisha tupime tena wote wawili." Walipima. Walipata 56, na msichana akaandika zote mbili.

Sikuandika maoni mengi kwenye fomu ya ukaguzi. Kuna sehemu ya fomu hiyo inayouliza kuhusu umahiri wa mwalimu katika maudhui, na kwa kipindi hiki nimempa alama ya juu, ingawa kwa kipindi cha tarehe 15 nilimpa ya chini na zote mbili zitabaki kwenye faili.

6 Juni

Tumekutana wote 24 chuoni baada ya mafunzo kwa vitendo. Niwe mkweli kuhusu hali ilivyo. Mmoja wa wale wawili wa Januari bado hajaweza kusimama kufundisha mada ya sehemu bila mwenzake kukaa karibu, na amesema waziwazi kwamba usiku wa kuamkia kipindi cha Hisabati halali vizuri. Mwingine aliniambia kwamba katika shule aliyopangiwa alishauriwa na mwalimu wa darasa aache ndoo na mahindi, atoe kanuni na mazoezi, kwa sababu mtihani uko karibu. Alitii, na sikumlaumu. Hilo linahitaji mazungumzo na shule zinazotupokea kabla ya mwakani, na nimeliweka la kwanza kwenye orodha ya kazi.

Lakini kuna jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wowote. Dada wa Makete alikuja na daftari lake la vivuli. Katika shule aliyokuwa, ambayo haiko mbali na chuo, aliendelea kupima kwa majuma matatu, na ameona kwamba mwezi Mei kivuli kilikuwa kifupi kuliko vyote saa saba kasoro dakika 17, wakati Februari ilikuwa saa saba kamili. Mahali ni karibu palepale, longitudo ni ileile, na dakika zimehama. "Mwalimu," aliniuliza, "zile dakika 14 ulizotuachia Februari, zimekwenda wapi?"

Nilimjibu kwamba dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima, huenda kasi zaidi inapokuwa karibu nalo Januari, na kwamba kule kuinama kwa mhimili nako kuna sehemu yake katika hesabu hiyo, hivyo, ukiacha zile dakika 46 za longitudo, jua la kweli huitangulia saa ya ukutani miezi fulani na kuchelewa miezi mingine. Alisikiliza hadi mwisho, akaandika, kisha akasema kwamba maelezo ameyaelewa nusu, na kwamba kwa ile nusu nyingine angependa kwanza apate vipimo vya mwaka mzima.

Fimbo imebaki uwanjani. Wamegawana zamu wenyewe hadi Februari, pamoja na za likizo kwa wale wanaoishi mjini, na karatasi ya zamu imebandikwa kwenye mlango wa maabara. Zamu ya Jumatatu ni ya yule asiyelala vizuri. Ameomba apangiwe wa kwanza.